Benki ilifungwa na hela za kikundi zikabaki huko, mama yangu ndo anaitwa mwizi

BintiWaMwekaHazina:

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo, na mtaniwia radhi nikiandika kirefu maana hata sijui nianzie wapi.

Mama yangu ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama, wako 28. Walianza kama vicoba vya kawaida, lile sanduku la chuma la kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu, kila Jumatano wanakutana kwa mwenyekiti wananunua hisa. Sasa hela ilipoanza kuwa nyingi wakaingiwa na woga, kuna kikundi cha kijiji cha pili walivunjiwa nyumba usiku, sanduku likabebwa na kufuli zake zote tatu. Ndo mama akasimama kwenye kikao akasema jamani tupeleke benki. Hilo neno ndo linamla mpaka leo. Walibishana wiki mbili, wengine wakisema benki ni ya wenye viatu, mwisho wakakubali wakafungua akaunti kwenye benki moja ndogo hapo hapo mkoani. Jina la benki naliacha, mkoa pia naacha maana mama anajulikana.

Walikuwa wanakusanya kwa ajili ya mashine ya kukoboa na kusaga. Kitabu cha benki ninacho hapa mbele yangu, mstari wa mwisho 11,460,000/=. Wiki tatu baada ya mstari huo mama kaenda kuulizia habari za kutoa malipo ya kwanza ya mashine, kafika mlango umefungwa, karatasi mbili zimebandikwa kwa selotepu kwenye kioo, moja Kiswahili moja Kiingereza, na mlinzi yule yule wa siku zote kakaa kwenye kiti chake anawaambia watu mama soma hapo, mimi sijui kitu. Mama hakuwa na miwani. Aliyemsomea ni kijana wa bodaboda.

Basi ikaja habari ya bima ya amana, ile inayowalipa wenye akaunti benki ikifungwa, wakajaza fomu, wakalipwa 1,500,000. Sio kila mmoja, ni kikundi kizima! Ukigawa kwa 28 ni kama elfu 53 na mia tano kwa kichwa na humo kuna waliokuwa wameweka mpaka laki nane. Zilizobaki, milioni tisa laki tisa na elfu sitini, wakaambiwa wasubiri ufilisi.

Miaka imepita, kikundi kikafa chenyewe. Sasa hivi imezuka stori kwamba hela yote ililipwa zamani na mama kaila, kisa mwaka huu nimempaulia nyumba upya na kumjengea choo cha ndani, kwa mshahara wangu mimi. Juzi kwenye msiba mama kapita na birika anawanawisha watu mikono, dada mmoja wa kikundi akarudisha mkono wake mfukoni. Mama kanisimulia hilo kwenye simu kama mara nne.

Nachouliza, hiyo hela iliyobaki ipo kweli au ndo imeenda? Na kuna karatasi yoyote naweza kupata ya kuwaonyesha hawa watu kwamba mama hajala? Na hivi watu 28 wanahesabiwaje kama mtu mmoja jamani.

Mzee wa Pugu:

Pole sana binti. Mpe pole bi mkubwa.

KauntaNamba3:

Hili nalijua kwa ndani kidogo. Nilikuwa teller kwenye benki ndogo kama hiyo, na yenyewe ikafungwa, na mimi jina naliacha. Tuliingia asubuhi kama kawaida, hatujafungua mlango wa wateja, wakaja watu kama sita na meneja nyuma yao kainamisha kichwa, tukaambiwa hakuna kugusa kompyuta. Kila mmoja akahesabu droo yake mbele yao. Yangu ilikuwa na 2,316,500, nakumbuka mpaka leo kwa sababu nilihesabu mara tatu mikono inatetemeka, nikasaini, nikavua beji nikaiweka juu ya zile noti. Nje watu washaanza kugonga kioo, kuna baba mmoja kaja na risiti ya hospitali kaibandika kwenye kioo ili niione, ananitazama. Nifanyeje? Na mshahara wangu wa mwezi ule ulikuwa humo humo.

Turudi kwa mama. Bima ya amana haihesabu vichwa, inahesabu mwenye akaunti. Akaunti ni ya kikundi, basi kikundi ndo mteja, mteja mmoja, kikomo kimoja cha malipo. Enzi hizo kikomo kilikuwa 1,500,000, siku hizi kimepanda ni 7,500,000, ila kilichotumika kwenu ni cha siku ile benki ilipofungwa. Hao akina mama wangekuwa na akaunti 28 za majina yao kwenye benki ile ile, wote wangelipwa zao mpaka senti ya mwisho, maana mwenye laki nane yuko ndani ya kikomo. Inauma, najua. Kaunta hakuna aliyekuwa anawaambia wateja hivi, na mimi sikuwa nawaambia, kwenye mafunzo yetu hiyo bima ilichukua kama dakika kumi.

Zile zilizobaki hazijafutwa. Kikundi ni mdai kwenye ufilisi. Bodi ya Bima ya Amana ndo huwa inateuliwa kuwa mfilisi, inauza vya kuuza, viti, magari, jengo kama lilikuwa la benki (mara nyingi wamepanga), na kitu kikubwa zaidi ni kukusanya mikopo iliyokuwa nje. Kinachopatikana ndo kinagawanywa kwa mgao kufuatana na madai. Sasa hapo kwenye mikopo ndo shughuli. Siku benki inafungwa kuna watu wanalia na kuna watu wanashangilia mtaani, wanajua deni limekufa. Deni halifi ndugu zangu, linahamia kwa mfilisi, ila kulipata linachukua miaka, dhamana nyingine ni shamba lisilo na hati, mwingine kahama, mwingine kafariki. Kwa hiyo hela "ipo" kwa maana hiyo. Kama itatoka na itatoka kiasi gani, asikudanganye mtu.

Kuhusu karatasi: andikeni barua kwa mfilisi mkiomba taarifa ya akaunti, yaani salio siku benki ilipofungwa, kiasi kilicholipwa cha bima, tarehe, kimelipwa kwa njia gani, na kiasi kinachodaiwa bado. Kama Dar au Dodoma ni mbali BoT (Benki Kuu) ina matawi Arusha, Mwanza, Mbeya na Mtwara, ulizia pale utaelekezwa. Ambatanisha kopi ya kitabu, usitume kitabu chenyewe hata wakikuomba kwa upole!!

Baharini254:

Pole dada, nakuandikia kutoka Mombasa. Hayo machungu tunayajua sana. Huku wakati Imperial Bank inafungwa tarehe 13 Oktoba 2015 watu waliamka tu wakapata milango imefungwa. Mkurugenzi wake Abdulmalek Janmohamed alikuwa amefariki Septemba, mwezi mmoja tu nyuma, ndio kufungua vitabu wakakuta uozo wa miaka. Na kabla ya hapo hapo walikuwa wametoka kuuzia watu bondi ya shilingi bilioni 2, unaweza kuamini. Bima yetu wakati huo ilikuwa 100,000 za Kenya peke yake (saa hizi ni 500,000, ilipanda Julai 2020). Mwezi wa Desemba wakalipa hadi milioni moja kupitia benki zingine, KCB na DTB, hiyo ikasaidia wengi wadogo, lakini wenye zaidi ya hapo wakaanza safari. Imeenda imerudi mpaka Desemba 2021 ndio ikapelekwa kwa ufilisi kabisa. Miaka sita hesabu!

Alafu haijapoa, Aprili 2016 Chase Bank nayo. Hiyo ilikuwa mbio za simu, vitabu vimerekebishwa, mikopo waliyopeana wenyewe wa ndani ya benki imeonekana ni mikubwa, wakubwa wawili wakaondoka, message zikazunguka usiku kucha kila mtu anaambia mwenzake toa pesa, tarehe 7 ikafungwa. Ikafunguliwa mwisho wa mwezi lakini mpaka benki ya SBM wanaichukua 2018 waliohamishiwa pesa walihamishiwa asilimia 75, na si zote za kutumia siku hiyo, nyingine zikafungiwa za kungoja miaka.

Mimi mwenyewe benki yangu (nyamaza jina) ilifungwa nikiwa na gereji, vijana wanne wa kulipa Jumamosi. Hundi ya kodi ikarudi. Mwenye nyumba akaniambia "mimi si benki". Nikauza kompresa kwa bei ya kutupa ndio nikawalipa. Pesa yangu nikaipata baadaye sana lakini gereji ilikuwa imeshakufa, na hiyo hakuna bima inalipa. Kwa hivyo nikisoma watu wakisema aah si mlilipwa, nanyamaza tu.

Chuma_Ulete:

Tatizo ni wadogo. Wakubwa hubebwa. Januari 2018 BoT ilifunga benki tano siku moja, Covenant, Efatha, Njombe Community, Meru Community na ile ya wakulima wa Kagera, ufilisi moja kwa moja. Kwanini? Mtaji haujafika bilioni 2. Bilioni mbili! Kuna watu wana nyumba za hiyo bei Masaki. Mwaka huo huo Agosti Bank M ikashikwa na BoT, hiyo wateja wake ni matajiri na makampuni, je ilifilisiwa? Ikahamishiwa benki ya Azania yote, amana na mikopo. Twiga Bancorp hivyo hivyo ikaingizwa TPB, benki ya posta. Hata Marekani, 2023 benki ya SVB imefungwa Ijumaa, Jumatatu wateja wote wanatoa hela mpaka za juu ya kikomo. Sasa mama wa kijijini hana kampuni ya kumpigia kelele ndo anaambiwa subiri ufilisi.

KauntaNamba3:

@Chuma_Ulete nusu uko sahihi nusu unachanganya. Benki ya FBME ilikuwa na hela ndefu kuliko hizo zote tano, na wateja wa nje kibao maana biashara yake kubwa ilikuwa Cyprus, ikashikwa Julai 2014 baada ya Wamarekani kuituhumu kutakatisha fedha, ikafutiwa leseni Mei 2017, ufilisi, na wenye mamilioni ya dola wakapanga foleni ya kikomo kile kile cha 1,500,000. Sio ukubwa peke yake. Benki inahamishwa ikipatikana wa kuichukua na kama mikopo yake inakusanyika. Hizi ndogo ukitoa mikopo mibovu unabaki na meza.

Na hizo tano hazikushtukizwa, benki za jamii zilipewa miaka mitano kufikisha mtaji huo, mwisho Desemba 2017. Ila hapo ndo naungana na wewe kwa jambo moja. Miaka mitano yote hiyo BoT inajua, bodi ya benki inajua, meneja anajua, na sisi tellers tulikuwa tunahisi, aliyekuwa hajui ni anayekuja na kitabu chake Jumatano. Mwezi wa mwisho kabisa tuliambiwa tuongeze kasi ya kutafuta wateja wapya wa akiba! Nilimfungulia akaunti bibi mmoja wiki mbili kabla. Nikikutana nae sokoni nabadili njia, naandika hapa kwa sababu hakuna anayenijua.

mkulima_halisi:

Mi nitasema ukweli usiotakiwa. Milioni kumi na moja mnaweka benki ndogo isiyojulikana kwa sababu tu haina makato na iko karibu na stendi. Mngegawa. Nusu benki kubwa nusu huku. Hela ya watu 28 sio ya kujaribia.

BintiWaMwekaHazina:

Benki kubwa ilikuwa kilomita 70 nauli elfu 8 kwenda na kurudi elfu 16, kwa kila Jumatano. Hiyo ndogo ndo ilikuwa inakuja mpaka gulioni kufungulia watu akaunti. Wewe ungemwambia nini mama wa darasa la saba mwaka ule, kwamba benki yenye leseni kutoka serikalini ukutani usiiamini? Tuendelee.

@KauntaNamba3 asante sana, nimeiprinti comment yako.

mkulima_halisi:

Sawa, hapo umenishinda, nauli sikuifikiria.

Baharini254:

Dada, swali dogo. Akaunti ya chama huwa na saini kadhaa. Yenu ilikuwa na ngapi? Na hiyo 1,500,000 ya bima ilitolewa na nani?

BintiWaMwekaHazina:

Saini tatu, mwenyekiti, katibu na mama. Lazima wote watatu. Hela ya bima walienda kuchukua wote watatu wakagawa siku hiyo hiyo kwa mwenyekiti, kila mtu akasaini kwenye daftari, na daftari lipo, lina kutu ya pini ila linasomeka. Mwenyekiti alishafariki. Katibu yupo, mtaa wa pili kutoka kwetu.

Baharini254:

Basi mama hawezi kula peke yake hata akitaka. Huyo katibu anasemaje?

BintiWaMwekaHazina:

Ndo kaka umeuliza swali ambalo sijawahi kulifikiria. Hasemi kitu. Stori zote hizi zinazunguka, yeye anajua ukweli wote, hajawahi kufungua mdomo hata siku moja. Ngoja nimpigie.

Chuma_Ulete:

Hapo sasa. Usikute yeye ndo kala 😂

KauntaNamba3:

Hawezi, hakuna cha kula, hela ya juu ya kikomo haijatoka. Msianze kumgeuzia mwingine kibao.

BintiWaMwekaHazina:

Nimerudi. Nimeongea na katibu kama saa nzima, kalia, mimi pia nimelia. Kumbe yeye binafsi alikuwa na mkopo kwenye benki ile ile, 1,200,000 ya duka, na alikuwa na akiba yake mwenyewe kama laki tano. Benki ilipofungwa akiba yake hakupewa, aliambiwa inakatwa kwenye deni kwanza, na laki saba iliyobaki bado anadaiwa. Hajalipa. Anaogopa mtu yeyote akianza kufukua makaratasi ya ile benki jina lake litatoka na watamfuata. Ndo maana amekaa kimya miaka yote anamuangalia mama anasemwa. Sikujua nimkasirikie au nimwonee huruma, nimemwambia tu shangazi mbona hukutuambia.

Je ni kweli wanamkata hivyo? Na barua yetu inaweza kumfanya akamatwe?

KauntaNamba3:

Ni kweli, bima inalipa akiba baada ya kutoa unachodaiwa na benki hiyo hiyo. Mwenye akiba laki tano na deni milioni moja na laki mbili hapati kitu, anabaki na deni la laki saba kama alivyosema. Na jina lake halihitaji barua yenu kutoka, mfilisi ana orodha ya wadaiwa tangu siku ya kwanza, ile kompyuta tuliyoambiwa tusiguse ndo ilikuwa nayo. Barua ya kikundi ni jambo la kikundi. Yeye aende mwenyewe akaombe kulipa kidogo kidogo, kukaa kimya ndo kunamuweka pabaya. Laki saba zake na za wenzake ndo mgao wa kikundi chenu unaosubiriwa, mwambie hivyo kwa upole.

Kwenye kikao muiteni afisa maendeleo ya jamii wa kata, kikundi si kilisajiliwa kwake? Akae mbele asome kitabu, asome daftari la mgao, majina na saini moja moja kwa sauti. Msimsomee mama, wala mama asisome. Asome mtu asiye na ndugu humo.

Mzee wa Pugu:

Na chai iwepo. Watu wenye njaa hawasikilizi hesabu.

BintiWaMwekaHazina:

Nimepanga Jumatano, siku ile ile ya kikundi, nachukua likizo ya siku mbili naenda. Afisa amekubali. Mama kasema sawa ila kitabu hakitoki mkononi mwake, huyo afisa asome akiwa yeye kakishika.

@KauntaNamba3 la mwisho nisikuchoshe, hiyo barua niandike kwa jina la mama kama mweka hazina au?

KauntaNamba3:

La kikundi. Saini mbili zilizobaki, mama na katibu, na cheti cha kifo cha mwenyekiti kiambatanishwe au muhtasari wa kikao unaoonyesha aliyechukua nafasi yake. Bila saini ya katibu usitume.